Hiyo F Imetoka Wapi?

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kule Pangani. Miaka yote aliyofundisha, silaha yake ilikuwa imla: kinachosikika huandikwa, kilichoandikwa husomwa, na atakayebisha atabaki kufagia darasa.

Kabla ya kuja kwangu Uingereza alipitia Helsinki kwa binti yake, na huko Wafini wakamharibu kabisa. Kifini kila herufi ina sauti yake, haibanduki. Shangazi akawa anapanda treni ya chini ya ardhi peke yake, akisoma vituo kwa sauti kama anayeita mahudhurio: Kalasatama! Hakaniemi! Na kila mtu anamwelewa. Akanipigia simu: "Mbona Ulaya rahisi, mwanangu!"

Mimi naishi Leicester. Siku ya safari yake nilikuwa zamu kazini, nikamtumia ujumbe wa sauti: apande treni St Pancras, London, ashuke Lesta. Akaandika kwenye karatasi, L-E-S-T-A, akaishika mkononi njia nzima.

Saa ya kufika ikapita. Simu ikaita.

"Shikamoo shangazi, umeshafika?"

"Marahaba. Nimefika, ila si kwako. Hiyo Lesta yako haipo. Nimechungulia kila kituo."

"Hukuona kibao kikubwa kinaanza na L-E-I?"

"Leichesta? Nimekiona. Hata kwenye tiketi jina hilo limo. Nikadhani ndiye mwenye treni."

"Sasa uko wapi?"

"Lo-u-gho-bo-ro-u-gho."

Aliitamka gh ile ya ghali na ghafla, ya kutoka kooni, kiungwana cha Pwani. Nikaduwaa. Nikapitisha kichwani vituo vyote vya njia ile, sikupata hata kimoja. Nikahofia keshavuka kwenda Uskochi. Nikamwomba anitajie herufi moja moja. Alipofika ya kumi na mbili ndipo nikang'amua: Loughborough.

"Shangazi, hapo ni Lafbra."

Kimya.

"Hiyo F imetoka wapi?"

"Ndivyo wanavyotamka."

"Nimesoma kibao mara mbili, F hamna. Hiyo o-u-g-h ya kwanza wanaisemaje?"

"Af."

"Na ya mwisho?"

"Hiyo... a. Kidogo tu, unaimeza."

"Neno moja, herufi zilezile, sauti mbili! Mwalimu wao yuko wapi?"

Ukweli ni kwamba shangazi alikuwa amechelewa karne kadhaa tu. Zamani Waingereza nao waliitoa gh yao kooni, karibu na alivyoitoa yeye. Halafu mwaka 1476 William Caxton akafungua mtambo wa kuchapa vitabu pale Westminster. Tahajia ikaanza kuganda kwenye karatasi, ndimi zikaendelea na safari zake. Gh nyingine zikageuka f, nyingine zikafa, na hakuna aliyejisumbua kuzifuta. Wafaransa nao huandika eaux, herufi nne nzima, wakasema o; lakini angalau ukishaijua, ni o popote uikutapo. Kiingereza hakikupi hata hiyo. Leicester, Gloucester na Worcester zote humezwa katikati, kisha Cirencester siku hizi inatamkwa nzima, na ukiimeza wanakushangaa wewe.

Kabla sijamaliza kumwelekeza, nikasikia sauti ya mwanamume kwenye simu ileile.

"Mama, wewe mtu wa wapi? Nimesikia hiyo gh, nikasema huyu wa kwetu."

Alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja, mkazi wa Leicester tangu Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda mwaka 1972. Naye alikuwa anarudi nyumbani. Nikashusha pumzi.

Nilipowapokea stesheni walishakuwa ndugu, wanabishania namna ya kuchemsha samli. Kuhusu mji wenyewe, mzee akatusimulia kwamba mwaka ule wa 1972 baraza la mji lilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, kuwaomba Waasia wasije Leicester.

"Na bado mkaja!" shangazi akasema.

"Tungefanyaje, mama? Gazeti lilisema tusiende Leichesta. Sisi tukaja Lesta."