Anayeshauri Lishe Asiuze Unga

Kila nikimsikia binti wa hapa Tanga akisema anataka kuanza ushauri wa lishe nyumbani kwake, namuuliza: utauza nini? Jibu nalijua kabla hajafungua mdomo. Unga wa lishe, juisi ya kusafisha tumbo, majani ya mlonge yaliyosagwa. Ushauri wenyewe unatolewa bure, kama nyongeza ya gengeni.

Mimi nasema anayeshauri asiuze. Mtu ambaye kodi yake inalipwa na kopo la unga atakuta kila anayepiga hodi anahitaji kopo la unga. Mwenye sukari atauziwa, mwenye presha atauziwa, na mzazi aliyejifungua juzi naye hataachwa. Halafu unga una mambo yake. Karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri huota ukungu wenye sumukuvu, na kuchemsha uji hakuimalizi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Usalama wa chakula tangu 2019 uko chini ya TBS, shirika la viwango, kwa hiyo anayetaka unga ajipange kama mwenye kiwanda kidogo. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

"Sasa nani atalipia maneno?" Hoja ina uzito. Watu wa Tanga maneno tunayapenda, ila kuyalipia, thubutu! Basi usiyauze sebuleni kwako. Mfuate mteja jikoni kwake.

Chukua nyumba ya Makorora ambayo baba ana kisukari. Mezani kuna bada, yaani ugali wa muhogo, samaki wa mchuzi wa nazi, na mchunga, ile mboga chungu ya majani, kidogo pembeni, kama wa kuonja. Ndugu wote wanailaumu nazi. Wewe waambie wapakue kama siku zote, kisha hesabu miko ya bada kwenye sahani ya baba. Uliza na chai. Asubuhi vijiko vitatu vya sukari, alasiri vitatu, baada ya isha vitatu: tisa, karibu gramu 36, na maandazi hujayagusa. Hapo huhitaji kumfukuza mtu kwenye chakula cha kwao. Bada ipungue nusu, mchunga uongezeke, samaki abaki, sukari ya chai ishushwe polepole huku tangawizi na hiliki zikizidishwa. Kama mama mwenye nyumba ana upungufu wa damu, chai yake isogezwe mbali na mlo, maana inazuia madini ya chuma ya kwenye mboga kuingia mwilini. Badala yake ale mchicha na chungwa la Muheza. Kwenye chungwa hilo wewe hupati hata senti, na ndiyo maana atakuamini.

Kinacholipiwa ni kufika jikoni, kwenda naye soko la Mgandini na kumfuatilia mwezi mzima. Taja bei moja ya mwezi, nusu itangulie. Jina la biashara ukasajili BRELA, wakala wa usajili, TRA wakupe TIN, namba ya mlipakodi, leseni iko halmashauri. Hayo hayana hadithi.

Hadithi iko kwenye mipaka. Anayechoma insulini ukimpunguzia wanga bila daktari wake kujua, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye utepe wa kupimia mzunguko wa mkono unasoma chini ya sentimita 11.5, usimpangie mlo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na kama lishe hukuisomea, usijiite afisa lishe. Wapo waliokaa darasani SUA, chuo kikuu cha Sokoine, miaka kadhaa kwa ajili ya jina hilo.

Bado kuna suala la nyumba yako mwenyewe, maana wapo watakaokufuata huko kupima uzito. Nyumba zetu za Ngamiani jirani haagi wala habishi hodi. Anaingia kuomba chumvi na kumkuta mteja wako juu ya mizani, kanga ameikunja magotini. Kabla ya Magharibi kilo zake zinajulikana mtaa mzima, na mteja huyo hutamwona tena. Tenga chumba chenye mlango unaofungwa, mizani ikae humo. Jirani akiuliza yule mama alifuata nini, mwambie alipita kukusalimia.