Seva ya Barua Pepe Ipewe Anwani Yake ya Umma

Wanaotaka ofisi nzima itoke intaneti kwa anwani moja ya umma wana hoja. Hazina kuu ya anwani za IPv4, namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, iliisha Februari 2011, na kujilimbikizia bila sababu ni ubadhirifu. Kompyuta za wafanyakazi zinatosheka kabisa na anwani moja. Hata tovuti kumi hukaa nyuma ya anwani moja bila kugombana, maana kivinjari hutaja jina la tovuti kinapoanza mawasiliano. Hapo sina ubishi.

Ubishi uko kwenye barua pepe. Tuseme seva ya barua ni 192.168.10.25, anwani ya ndani ya ofisi, na kwenye intaneti inatokea anwani ile ile wanayotokea wafanyakazi wote, 203.0.113.9. Kompyuta moja ikinasa kirusi kinachomwaga barua taka, seva za huko nje haziioni kompyuta hiyo, zinaiona 203.0.113.9. Anwani inatiwa kwenye orodha ya kuzuiwa, na ankara halali za ofisi zinaanza kurudishwa. Utaambiwa ufunge poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, kwa kompyuta nyingine zote. Ifungwe, tena leo. Ila zipo orodha zinazoinasa anwani kwa sababu tu imeonekana ikiwasiliana na mitambo ya wahalifu, na mawasiliano hayo hupita hata poti 443, mlango wa kawaida wa tovuti.

Basi seva ipewe 203.0.113.10, iwe yake peke yake, kuingia na kutoka. Nasisitiza kutoka, kwa sababu wengi huishia nusu ya kazi. Wanaelekeza pakiti (vipande vya data) zinazoingia, barua zinapokelewa vizuri, wanafunga kazi. Kumbe zinazotoka bado zinavaa 203.0.113.9, kwa kuwa kanuni ya jumla ya kubadilisha anwani imetangulia ile ya seva, na kwenye iptables, programu ya Linux ya kuchuja pakiti na kubadilisha anwani zake, kanuni ya kwanza kulingana na pakiti ndiyo inayotumika. Mpokeaji anauliza DNS, daftari la majina ya intaneti, jina la anwani hiyo, anakuta si la seva ya barua, anaikataa au anaitupa kwenye taka. Lawama inaangukia wingi wa anwani, ilhali dawa ni kuipandisha kanuni moja juu ya nyingine.

Wapo pia wanaoogopa kwamba seva yenye anwani yake imeanikwa. Hofu hiyo ni ya haki pale fundi anapoandika ruhusa ya kupitisha kila kitu. Lakini kubadilisha anwani ni kazi moja na kuchuja pakiti ni nyingine. Ruhusu poti 25 na zile za watumiaji kusoma barua, zilizobaki zifungwe.

Na gharama? Fungu la anwani za umma linaloandikwa /29 lina anwani 8. Mbili hazigawiwi vifaa, moja kwa kawaida huchukuliwa na ruta ya mtoa huduma, zinabaki 5. Moja ya fayawoli (kinga ya mtandao) na wafanyakazi, moja ya barua. Tatu zikae wazi mpaka ipatikane huduma inayozihitaji kweli.