Keto ilizaliwa hospitalini

Siku hizi ukikaa barazani Mkomani, hapa Lamu, baada ya alasiri, mazungumzo yakishamaliza siasa na bei ya nguru huishia kwenye wali. Hakosi mmoja aliyeuacha. Atakwambia amepungua mwili, magoti yamenyamaza, usingizi umerudi, na kwamba wanga ndio uliotumaliza. Mwengine atamrudishia kuwa wazee wetu walikula wali wa nazi tangu wana meno hadi walipoyapoteza, na walikufa bado wanakwea minazi. Kisha kahawa tungu itazunguka, sahani ya tende itapita, na yule aliyeacha wanga atachukua nne bila ya kufikiri, kwani nani akatae tende? Tende ndogo moja ina wanga gramu 5 hivi.

Nimezisoma tafiti za mambo haya kwa muda sasa, mwanzo kwa udadisi tu, halafu kwa sababu ya shangazi yangu mwenye sukari. Maoni yangu nayatoa mapema: keto, ule mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana, ni tiba, na ihukumiwe kama tiba. Ilianzia hospitalini, kwa wagonjwa, penye mizani na daktari. Leo inauzwa kwenye makundi ya WhatsApp, mizani hakuna, daktari hakuna, kuna picha za mtu kabla na baada, na namba ya kutuma pesa. Sehemu ya sayansi hii inayotufaa wengi wetu hapa Lamu ni ndogo zaidi na haina gharama, ndiyo maana huoni mtu akiitangaza.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kifafa. Tangu zamani watu walijua kuwa mgonjwa wa kifafa akifunga kula, degedege hupungua. Lakini mtoto utamfungisha hadi lini? Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza njia ya kuzunguka hilo: mpe mgonjwa chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo sana, mwili ujione umefunga ilhali unakula. Kipimo kilichozoeleka ni gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga vikijumlishwa pamoja. Hicho si chakula cha kukadiria kwa macho. Wazazi walipima kila tonge, na mtoto akipenyezewa biskuti na nduguye kazi ya siku nzima imeharibika.

Ilipofika 1938 ikaja dawa ya fenitoini, na kumeza kidonge ni rahisi kuliko kupima siagi, hivyo mlo ule ukawekwa kando miaka mingi. Haukufa. Mwaka 2008 watafiti wa London walitoa matokeo ya majaribio ya watoto 145 ambao dawa zilikuwa zimewashinda. Baada ya miezi mitatu, watoto 38 katika kila 100 waliopewa mlo wa keto walikuwa wamepunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Kwa wale ambao hawakuanza mlo, ni 6 tu katika kila 100. Hayo ni matokeo mazito, na mtu akiniambia keto ni uzushi mtupu humtajia hayo.

Ila tusikimbilie. Jirani zetu wa Kilifi wana watafiti ambao wamekichunguza kifafa kwa miaka mingi, na jambo linalojirudia ni kwamba wagonjwa wengi wa pwani hawapati matibabu yoyote. Wengine hupelekwa kupunga pepo kwanza, na mwaka unapita. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kusikia habari za parachichi na siagi. Anahitaji fenobabitoni yake kila siku, kidonge cha bei nafuu, na mtu wa kumkumbusha. Mlo unakuja pale dawa zimeshindwa, na mtaalamu wa lishe yupo.

Sasa, ndani ya mwili hutokea nini? Ukila mahamri kwa chai asubuhi, wanga huvunjwa ukawa glukosi, sukari ya damu ikapanda, kongosho likatoa insulini, na insulini ikaisukuma sukari ndani ya seli. Inayozidi huwekwa akiba inayoitwa glaikojeni: kiasi cha gramu 100 kwenye ini, na gramu 400 hivi kwenye misuli. Akiba hii hushika maji, takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu 1 yake. Ukishusha wanga hadi kati ya gramu 20 na 50 kwa siku, kipimo cha keto, akiba hukauka ndani ya siku chache na maji yake hutoka. Ndipo bwana wa barazani anaposema amepungua kilo tatu kwa wiki moja. Nampa hongera, lakini nyingi amezikojoa.

Baada ya hapo ini huanza kuyageuza mafuta kuwa ketoni, vitu ambavyo mwili huvitumia badala ya sukari, na hili ndilo ninalolistaajabia kuliko yote. Zamani ilidhaniwa ubongo hauwezi kutumia kitu chochote ila glukosi. Mwaka 1967 kundi la George Cahill huko Boston lilipima ubongo wa watu wanene waliofunga kula kwa wiki nyingi chini ya uangalizi, likakuta sehemu kubwa ya nishati yake inatoka kwenye ketoni. Yaani binadamu ana mtambo wa pili wa kumvusha njaani, na ubongo unaukubali. Moja ya ketoni hizo ni asetoni, ile inayonuka kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha, na ndiyo maana pumzi ya mtu wa keto hubadilika harufu.

Insulini ikishuka, figo nazo huachia chumvi. Kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu anaona kizunguzungu akiinuka. Huko ughaibuni wanaita mafua ya keto. Hapa kwetu, wakati wa kaskazi jua linapochoma na shati linalowa kabla hujafika Langoni, chumvi hiyo unaipoteza mara mbili. Na kama unameza dawa za presha zile za kukojoza, mara tatu.

Kuhusu kupunguza mwili, sayansi haiwapi watu wa keto ushindi wanaoudai. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliowafuatilia kwa mwaka mzima. Nusu walipunguza wanga, nusu walipunguza mafuta, na wote waliambiwa waachane na sukari na unga mweupe, wale mboga kwa wingi. Wa wanga kidogo walipungua wastani wa kilo 6.0, wa mafuta kidogo kilo 5.3, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Ndani ya kila kundi wapo waliopungua kilo nyingi mno na wapo walionenepa. Vipimo vya jeni na vya insulini havikuweza kutabiri nani angefaulu na mlo upi. Mwaka 2021 Kevin Hall, wakati huo mtafiti wa serikali ya Marekani, alitoa matokeo ya watu 20 aliowaweka ndani ya kituo, wiki mbili mlo wa keto, wiki mbili mlo wa mimea wenye wanga mwingi na mafuta kidogo, wakaachiwa wale hadi washibe. Kwa ule wa mimea walikula kalori pungufu kwa siku, na njaa hawakulalamikia. Kwa hiyo ile hadithi kwamba insulini ndiyo mlinzi pekee wa mafuta, na kila anayekula wanga lazima anenepe, mimi siiamini tena.

Kwenye ugonjwa wa sukari mambo ni tofauti, na hapa niko karibu na watu wa wanga kidogo. Mwaka 2019 chama cha kisukari cha Marekani kiliandika kuwa, kati ya njia za kula, kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari ya damu. Haihitaji digrii kuelewa: unachokishindwa ndicho unachokipunguza. Ingawa hata hapo kuna kisa cha kuwanyamazisha wenye siasa kali. Majaribio ya Uingereza yaitwayo DiRECT yaliwapa wagonjwa supu na vinywaji vya kalori 850 hivi kwa siku, vyenye wanga wa kutosha, kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, karibu nusu yao sukari ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha ugonjwa bila ya dawa. Kilichowaponya ni kupungua mwili. Njia ya kufikia huko inaweza kuwa zaidi ya moja.

Nirudi kwenye sinia. Wali uliopikwa una wanga gramu 28 katika kila gramu 100. Sehemu anayoimaliza mtu mzima kwenye sinia, kwa makadirio yangu, haipungui gramu 300, kwa hiyo ni gramu 84 za wanga kabla hujagusa ndizi ya kuteremshia. Mlo mmoja tu umevuka posho ya siku nzima ya keto, karibu mara mbili. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, gramu 12, na nani Lamu anakunywa kikombe kimoja? Soda ya nusu lita, gramu 50 hivi. Ukiniuliza keto kali itawezekanaje katika mji huu, nitakwambia haiwezekani, ila kwa mtu anayepika peke yake, anakula peke yake, na hana jamaa anayeoa.

Maana sinia halina mizani. Mikono mitano inaingia, mwenye nyumba anakusogezea upande wako mnofu wa samaki na, juu yake, wali mwengine. Shangazi yangu alipoambiwa kliniki apunguze wali, shida haikuwa wali. Shida ilikuwa wageni. Akila kidogo wanasema anaumwa, asipokula wanasema ana kiburi, na yeye mwenyewe hawezi kumuona mtu mlangoni asimwite, "Ndoo ule!" Alichokifanya ni akili yake mwenyewe: anajipakulia kwenye sahani ya chai, sio sahani ya wali. Wali unajaa sahani, macho ya wageni yanatulia. Pembeni anaweka tafi wawili wa kuchoma na bakuli zima la mchicha. Chai anaikoza iliki na tangawizi, sukari kaiondoa kidogo kidogo hadi ulimi ukasahau. Hiyo sio keto hata kidogo. Ni wanga pungufu, na mashine yake ya kupimia sukari inaonesha tofauti.

Keto kamili ingemnyima mbaazi pia. Hapo nagoma. Mbaazi zina wanga, ndio, lakini zina protini na nyuzinyuzi nyingi, na sukari yake haipandi kwa kasi kama ya unga mweupe. Mtu akiondoa mahamri akaacha mbaazi amefanya la maana. Akiondoa vyote viwili akanunua unga wa lozi ulioletwa kutoka Nairobi kwa bei ya kuku mzima, anamnufaisha muuzaji. Tunazo korosho na simsim za bara ya Lamu hapa hapa, tuna pweza, tuna changu, na samaki hana wanga kabisa.

Tui ni kesi ngumu zaidi, na najua nitagombana na watu. Wenye keto wanalishangilia kwa sababu lina mafuta mengi na wanga kidogo. Lakini mafuta ya nazi ni ya aina ile inayoganda, na chama cha moyo cha Marekani kilieleza mwaka 2017 kuwa yanapandisha kolesteroli mbaya yakilinganishwa na mafuta ya mimea yasiyoganda. Mchuzi wa kupaka wa Ijumaa sitauacha. Kulifanya tui zito kuwa chakula kikuu asubuhi, mchana na usiku kwa jina la afya, hilo sitalifanya, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kupimwa kolesteroli.

Na wale wazee walioishi kwa wali wa nazi? Walitembea hadi Matondoni na kurudi, walivuta makasia, walipandisha tanga kwa mikono. Sisi tunaita bodaboda. Soda hawakuwa nayo kila kona.

Linalonitia hofu hasa ni dawa. Mgonjwa wa sukari anayemeza glibenklamidi au kujidunga insulini, akikata wanga leo bila ya kugusa dozi, dawa itaendelea kushusha sukari ambayo haipo, na anaweza kuanguka usiku. Zipo dawa mpya zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, kama empagliflozini na dapagliflozini. Ukizichanganya na keto, damu inaweza kujaa asidi ya ketoni huku kipimo cha sukari kikionesha karibu na kawaida, na hata daktari anaweza kuchelewa kulitambua. Ketoni za mlo kwa kawaida hukaa kati ya 0.5 na 3 kwenye kipimo cha milimoli kwa lita. Za hatari hiyo hupita 3, na zinaweza kupita 10. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, na mama mjamzito, wasijaribu hili kwa ushauri wa barazani wala wangu.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani wagonjwa wa sukari huhimizwa waende kliniki wapangiwe dawa upya: ipi isogezwe futari, ipi ipunguzwe daku, lini ufungue hata kama jua halijatua. Watu wamelizoea, shangazi yangu huenda na daftari lake. Anayetaka kukata wanga aende kwa mazungumzo hayo hayo, kabla ya kuanza, na amtajie daktari kila kidonge anachomeza, pamoja na mitishamba.