Nyota ya Kaskazini haionekani Dar
Kuna mwandishi mmoja anasema ukipotea usiku, popote ulipo duniani, tafuta Nyota ya Kaskazini, eti ndiyo inayong'aa kuliko zote. Hapo katupoteza mara mbili. Inayong'aa kuliko zote usiku ni Sirius. Hiyo ya kaskazini haimo hata kwenye 40 za kwanza. Na huku Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, iko chini ya upeo wa macho, hata upande ghorofa gani huioni. Muscat, kule Oman, utaiona, nyuzi 23 na ushei juu ya bahari, maana kimo chake hukaribiana na latitudo ya ulipo. Manahodha wa Kiarabu waliijua hesabu hiyo zamani, wakapima kimo kwa kibao kidogo chenye kamba ya mafundo, fundo unaling'ata, ukingo wa chini unakaa kwenye mstari wa bahari, wa juu unagusa nyota. Sisi tutumie Msalaba wa Kusini, kundi la nyota lenye umbo la msalaba, ambao jioni za Mei umesimama wima: refusha mhimili wake mrefu mara nne na nusu kuelekea mguuni, kisha shuka moja kwa moja hadi upeo, kusini ni hapo. Wavuvi wa Pemba na Lamu mliomo humu, usiku simu ikizima chaji mnafuata nyota gani?