Mpaka wa wote, lawama ya nani?

Watu wengi wakisikia Ulaya unapita nchi hadi nchi bila kukaguliwa wanadhani mpaka umefutwa, hapana, umesogezwa tu ukawa wa nje. Ukaguzi kati ya nchi za Schengen, yani zile za Ulaya zilizokubaliana kutokaguana mipakani, ulianza kuondolewa 1995, kwa hiyo askari wa Ugiriki akiwa doria baharini anamlindia mlango na Mjerumani. Sasa nani alipie, nani apokee watu, na mambo yakiharibika nani ajibu?

Wanaosema kila nchi ilinde kwake wana hoja nzito, siwabezi. Serikali yako ikikosea unaitoa kwa kura, Frontex, wakala wa Umoja wa Ulaya wa kulinda mipaka, iko zake Warsaw, Poland, nani aliipigia kura? Lakini kwa utaratibu wa Dublin, ule wa kuamua nchi ipi ya Ulaya ishughulikie ombi la hifadhi, mzigo wa maombi ya hifadhi mara nyingi unaangukia nchi ya kwanza mtu aliyoingilia, yani Italia, Ugiriki na Malta wanabeba kwa sababu tu ya walipo kwenye ramani.

Chukua Lampedusa, kisiwa cha Italia, tarehe 3 Oktoba 2013. Boti imejaa watu, wengi Waeritrea, injini imezima karibu kabisa na kisiwa, mtu akawasha blanketi ili waonekane, moto ukashika, watu wakakimbilia upande mmoja boti ikapinduka, wakafa zaidi ya 360. Inauma mpaka leo. Italia ikaanzisha Mare Nostrum, operesheni ya kuokoa watu baharini, peke yake, euro milioni 9 hivi kwa mwezi, ikaokoa zaidi ya watu laki moja kwa mwaka mmoja tu, halafu ikachoka. 2014 ikaja Triton, operesheni ya Frontex, pesa kama theluthi moja na doria karibu na pwani. Waliopinga Mare Nostrum walisema uokoaji unavuta watu, ila 2015, Mare Nostrum haipo tena, wakaingia Ulaya kwa bahari zaidi ya milioni moja. Kwangu hoja hiyo ilifia hapo.

Kwa hiyo niko upande wa ulinzi wa pamoja, lakini sio huu wa sasa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2019 inaipa Frontex kikosi cha watu 10,000 ifikapo 2027, sawa, ila wakiwa kazini wanafuata amri za nchi mwenyeji, watu wakisukumwa kurudi baharini wakala unaonyesha kidole nchi na nchi inakataa. Mkurugenzi wa Frontex, Fabrice Leggeri, alijiuzulu Aprili 2022 baada ya uchunguzi wa OLAF, ofisi ya Umoja wa Ulaya ya kupambana na udanganyifu, lakini mfumo ukabaki vilevile.

Makubaliano mapya ya Umoja wa Ulaya ya 2024 kuhusu uhamiaji na hifadhi, yanayotumika kuanzia Juni 2026, yamegusa mzigo: nchi ipokee watu, au ichangie, kwa hesabu ya euro 20,000 kwa kila mtu. Hapo nawapongeza. Kwenye lawama ndo sijaridhika, kila nchi inatakiwa iwe na chombo huru cha kufuatilia haki za watu kwenye ukaguzi wa mpakani, ila anayekiunda ni nchi hiyohiyo inayofuatiliwa, na yule anayerudishwa usiku katikati ya bahari hajafika hata kwenye huo ukaguzi.