Kuponi ya chakula haifuti fidia

Kuna habari inayosambaa kwamba abiria anayetoka Ulaya, ndege ikichelewa, haki yake ni chakula na hoteli tu. Si kweli, na watu wetu wanapoteza hela kwa kuamini hivyo. Kanuni 261/2004 ya Umoja wa Ulaya, inayompa abiria fidia ya pesa akicheleweshwa, inahusu kila ndege inayoondoka nchi mwanachama, hata ya shirika la Afrika. Ukitokea Dar kwenda huko, inakulinda iwapo shirika ni la Ulaya.

Amsterdam hadi Dar inazidi kilomita 3,500. Ukifika umechelewa saa 4 au zaidi, fidia ni yuro 600; kati ya saa 3 na 4 wanaweza kukata nusu. Muda unahesabiwa hadi mlango wa ndege unapofunguliwa, si magurudumu yanapogusa lami, kwa hiyo angalia saa mlango ukifunguliwa na uiandike. Wakisema "hitilafu ya kiufundi", usikubali haraka: mahakama ya Umoja huo iliamua mwaka 2008 kwamba ubovu wa kawaida wa ndege si udhuru. Dhoruba ni udhuru. Madai yaanzie kwa shirika lenyewe, kwa maandishi, pamoja na tiketi.