Mlango wa umeme ukigoma, abiria wa nyuma atatokea wapi?

Mjadala wa milango ya umeme kwenye magari umetufikia kwa jina la Tesla, magari ya umeme ya Marekani, na kwa sababu hiyo watu wengi wa Mwanza wameuweka pembeni. Ukisimama Barabara ya Kenyatta au ile ya Nyerere utaona IST, Probox, Noah, Hiace na bajaji. Gari lenye mlango usio na kitasa cha kuvuta ni la kutafuta. Kwa hiyo mtu anasema: mimi nikivuta kitasa mlango unafunguka, hayo ni matatizo ya wenzetu.

Anayesema hivyo mara nyingi ni mwenye gari, na anasema akiwa amekaa siti ya dereva.

Kilichozua mjadala wenyewe ni hiki. Septemba 2025 mamlaka ya usalama wa barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi juu ya Tesla Model Y za mwaka 2021 zipatazo 174,000, kufuatia malalamiko kwamba vitasa vya nje viliacha kufanya kazi. Malalamiko yaliyoanzisha uchunguzi yalikuwa 9. Ni machache, na watetezi wa magari hayo walikuwa na haki ya kulisema hilo. Lakini tazama yalihusu nini. Mengi yalimhusu mzazi aliyeshuka ili azunguke kumtoa mtoto siti ya nyuma, au aliyekuwa ndiyo kwanza amemfunga mtoto mkanda na kuufunga mlango, kisha mlango ukakataa kufunguka. Katika matukio 4 ilibidi kioo kivunjwe. Kilichotajwa ni upungufu wa umeme, kwa sababu milango haitumii lile betri kubwa linaloendesha gari, inatumia umeme wa nguvu ndogo kama wa betri ya volti 12 iliyomo kwenye Corolla yoyote. Umeme huo ukishuka, gari linaweza kuwa na chaji ya kufika mbali na bado mlango usifunguke.

China wameamua kutosubiri. Kuanzia Januari 1, 2027, aina mpya za magari zitakazouzwa nchini humo zitatakiwa kuwa na njia ya kufungua mlango kwa mkono, ndani na nje, hata umeme ukiwa umekatika kabisa.

Upande wa watengenezaji una hoja za kweli. Kitasa kinacholala ndani ya bodi kinapunguza ukinzani wa upepo, na kwenye gari la umeme hilo ni kilomita za ziada kwa chaji ileile. Mlango wa umeme unaweza kuunganishwa na kamera au vihisio vikaukataza kufunguka pale pikipiki inapopita ubavuni, na yeyote aliyewahi kumfungulia bodaboda mlango usoni anajua thamani yake. Magari mengi hujifungua loki yenyewe mifuko ya hewa inapofumuka. Na ni kweli pia kwamba njia ya mkono mara nyingi ipo: kwenye Model Y dereva ana kishikio kidogo mbele ya swichi za vioo. Lexus NX imefanya vizuri zaidi. Kwa siku za kawaida unabonyeza, lakini kitasa hichohicho ukikivuta mara mbili kinafungua mlango bila umeme. Mtu aliyepagawa atavuta, na akivuta tena anatoka. Kwa hiyo umeme wenyewe si adui, na wanaotaka tuurudishe mlango kwenye miaka ya Peugeot 504 wanakosea.

Tatizo langu linaanza siti ya nyuma. Model 3 za miaka ya mwanzo hazikuwa na kishikio cha dharura kwa abiria wa nyuma. Baadhi ya Model Y zinacho, lakini kimefichwa chini ya zulia dogo kwenye mfuko wa mlango, na nyingine hazina kabisa. Wahandisi wanajibu kwamba maelezo yamo kwenye kitabu cha mwongozo. Nani husoma kitabu cha mwongozo akiwa abiria? Mtoto wa miaka 6? Bibi anayetoka hospitali ya Sekou Toure baada ya matibabu? Anayekijua kitabu ni mwenye gari, ambaye tayari ana kishikio chake mbele. Njia ya dharura inayohitaji kufundishwa imewekewa mtu asiyeihitaji sana, na imenyimwa yule aliye mbali nayo zaidi.

Na hapa ndipo Mwanza inaingia, kwa sababu siti hiyo ya nyuma tunaijua vizuri. Panda Noah inayokwenda Magu au mchomoko wa Sengerema. Ukifika unapotaka kushuka unaambiwa, "Usihangaike na huo mlango, ngoja nikufungulie kwa nje." Kitasa cha ndani kimevunjika zamani na hakuna aliyekinunua kingine. Au loki ya watoto, ile swichi ndogo ubavuni mwa mlango wa nyuma, iliachwa imewashwa tangu gari lilipofika bandarini. Au mota ya mlango wa kuteleza imekufa, na fundi umeme akaukata mfumo mzima ili betri isinyonywe. Gari likinunuliwa Japani likiwa na kitabu chake, kitabu hicho kimeandikwa Kijapani. Milango ya kuteleza ya Noah, Voxy, Sienta na Alphard kwa kawaida ina kitasa cha ndani chenye waya wa chuma wa kuvuta, kinachofungua hata bila umeme, kikiwa kizima. Lakini tumekizoea kibovu kiasi kwamba abiria anaomba radhi akikigusa.

Abiria huyo yuko katika hali ileile ya mtoto wa Model Y. Yuko ndani, hawezi kujitoa, na uhai wake unategemea mtu wa nje atakayefika akiwa na nguvu na akili iliyotulia. Chanzo kinatofautiana, matokeo ni yale yale, na sisi tumeyapata kwa bei ya chini zaidi.

Kando ya ziwa jambo hili lina uzito wake. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 liliwaondolea maelfu ya watu safari ya kivuko, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini wa Ukerewe bado anavuka kutoka Kisorya kwenda Rugezi akiwa na gari juu ya kivuko. Na mvua ikipiga, Mto Mirongo hauhitaji kibali cha mtu kupanda barabarani. Watu wa Mabatini wanalijua hilo. Pale Likoni, Mombasa, Septemba 29, 2019, gari lililokuwa na mama na binti yake mdogo liliserereka kutoka kwenye kivuko likazama. Lilitolewa siku 12 baadaye.

Niruhusu nikae kidogo kwenye hesabu ya maji, maana ndiyo inayonikosesha usingizi. Chukua mlango wa upana wa mita 1, na maji ya nje yakiwa nusu mita juu ya ukingo wake wa chini, ndani kukiwa bado kukavu. Maji hayo yanaukandamiza mlango kwa nguvu ya takriban kilo 125. Kwa kuwa mlango unazunguka kwenye bawaba zake, anayesukuma kwenye ukingo wa mbali anahitaji karibu nusu yake, yaani kilo 60 na kitu, akiwa amekaa, amejipinda, pengine na mkanda kifuani. Mwanaume mwenye nguvu anaweza kuzimudu. Maji yakifika sentimita 70 mzigo unakaribia kuwa mara mbili, na huyo mwanaume naye anashindwa. Mlango wa kuteleza haumwokoi mtu hapo: kabla ya kurudi nyuma lazima kwanza utoke nje kidogo, na maji yanaushika vilevile. Kati ya vina hivyo viwili kuna sentimita 20. Gari linalozama linazimaliza wakati abiria bado anauliza kitasa kiko wapi.

Ndiyo maana Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyefanya majaribio mengi ya kuzamisha magari yenye watu ndani, anasisitiza dirisha badala ya mlango. Gari huelea kwanza, na nafasi nzuri ni kama dakika moja ya mwanzo. Fungua mkanda, shusha kioo, toa watoto, toka. Simu baadaye, hata ile ya 114 ya Zimamoto. Vioo vya umeme huendelea kufanya kazi kwa muda mfupi baada ya gari kuingia majini, lakini maji yakishafika kwenye kioo yanakibana na mota inashindwa. Kwa abiria wa nyuma kuna kikwazo kingine cha kibinadamu: dereva wengi hufunga swichi za vioo vya nyuma ili watoto wasizichezee.

Wapo wanaosema nunua nyundo ya kuvunjia kioo, mjadala uishe. Nyundo ni nzuri, iwekwe. Ila mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilijaribu vifaa 6 vya namna hiyo. Vinne vilivunja kioo cha kawaida, kile kinachosambaratika vipande vidogo. Hakuna hata kimoja kilichopasua kioo cha tabaka, chenye plastiki katikati, ambacho magari mapya yanazidi kukiweka hadi kwenye milango ili kupunguza kelele. Na nyundo ya kurusha mkono haina nguvu ndani ya maji. Kitasa cha waya bado kinahitajika.

Kinahitajika na upande wa nje pia, na hapa naona China wameelewa jambo ambalo sisi wa ziwani tungepaswa kulisema kwanza. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoingia ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi walifika wa kwanza na mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika, 19 walikufa. Kwenye pwani hii mwokoaji wa mwanzo ni mtu wa mtumbwi au kijana aliyekuwa anaosha bajaji ufukweni. Ana mikono na kasia. Hana kifaa cha kukata bodi, na hajui gari lako limeficha wapi kitasa chake.

Nisikiavyo, pingamizi kubwa ni gharama: mwenye Noah anayepigania hesabu ya siku hataki kuambiwa anunue vitasa vya milango yote. Naielewa, lakini kitasa cha ndani kilichotumika si kitu cha kumfilisi mtu aliyelipa ushuru wa gari. Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine. Chomoa kichwa cha betri, kaa kila siti kwa zamu, ufungue mlango kutoka ndani. Shirika la Viwango, TBS, wanaosimamia ukaguzi wa magari yaliyotumika yanayoingia nchini wangeweza kuliongeza, na LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, wakalifanya sharti la leseni kwa gari lolote linalobeba abiria. Gari ambalo siti yake moja haina njia ya kutokea bila umeme lisibebe mtu kwenye siti hiyo.

Loki ya watoto ibaki kwa magari ya familia, maana mtoto anayefungua mlango barabara ya Igoma gari likiwa kwenye mwendo ni hatari ya kila siku kuliko ziwa. Kwenye gari la abiria sioni sababu ya kuiacha imewashwa. Kuizima ni kazi ya kidole kimoja.